Vekta ya virusi inahitaji jiwe moja la mizani

Mwaka juzi nililetewa kichupa cha vekta ya AAV, yaani kirusi kilichogeuzwa kuwa chombo cha kubeba jeni hadi kwenye seli, kutoka maabara nyingine. Nilipoipima nikapata theluthi tu ya kiasi kilichoandikwa kwenye lebo. Nikarudia mara tatu, jibu likawa lile lile. Nikaanza kuwashuku wenzangu, na nikakosea, maana walikuwa wamepima kwa uangalifu kama mimi. Tulichotofautiana ni plasmidi ya kulinganishia, yaani duara dogo la DNA ambalo kiasi chake kinajulikana. Wao walitumia iliyojisokota. Mimi nilitumia iliyokatwa kwa kimeng'enya ikanyooka. Plasmidi iliyojisokota hunakiliwa kwa shida kwenye PCR, kipimo kinachonakili DNA ili kuihesabu, kwa hiyo vekta inayopimwa dhidi yake huonekana nyingi kuliko ilivyo.

Sasa lipeleke jambo hilo kwenye dozi ya mtoto. Zolgensma ni tiba ya jeni kwa watoto wenye SMA, ugonjwa unaoua neva za misuli. Katika jaribio lake la kwanza, dozi ya juu iliandikwa kuwa jenomu (nakala za DNA inayobebwa) trilioni 200 za vekta kwa kila kilo ya uzito. Ilipopimwa upya kwa PCR ya matone, inayohesabu nakala moja kwa moja bila plasmidi ya kulinganishia, ikaonekana ni kama trilioni 110. Dawa haikubadilika wala watoto hawakubadilika. Namba ndiyo iliyoshuka karibu nusu.

Ndiyo maana naumia nikisoma makala ya utafiti inayotaja dozi bila kusema ilipimwa dhidi ya nini. Sampuli rejea, yaani vekta zilizopimwa na maabara nyingi ili wengine walinganishe nazo, zipo. Ya AAV2, mojawapo ya aina za AAV, ilitangazwa mwaka 2010 baada ya kupimwa na maabara 16, ya aina nyingine, AAV8, ikafuata 2014, na zote zinatunzwa ATCC, hifadhi ya sampuli za kibayolojia huko Marekani. Ile ya AAV2 ilipewa wastani wa jenomu bilioni 32.8 kwa mililita.

Wapo wanaosema sampuli hizo hazina maana, kwa kuwa hata maabara zilizozipima kwa maelekezo yale yale zilitofautiana sana. Kwangu hiyo ndiyo hoja ya kuzitumia. Ukipima vekta yako na sampuli rejea siku moja, kwenye sahani moja ya PCR, msomaji ataona mizani yako imeelemea wapi, naye atairekebisha namba yako mwenyewe. Usipofanya hivyo, amebaki kukuamini tu.

Ningekuwa mhariri wa jarida, makala isiyo na namba hizo mbili, ya vekta na ya sampuli rejea, ningeirudisha kwa mwandishi.

Kikwazo cha kweli ninachokiona ni akiba. Vichupa vya rejea ni vichache na haviwezi kufunguliwa kila wiki. Basi tengeneza sampuli yako ya ndani, nyingi, uigawe kidogo kidogo kwenye mirija, uipime dhidi ya rejea mara chache lakini vizuri, kisha uitumie katika kila kipimo. Mimi na wale wenzangu sasa tunatumia sampuli moja ya aina hiyo, na kila mzigo wa vekta husafiri na mrija wake.