Pole, Mlinzi

Usiku wa Novemba 26, 2025, saa saba kasoro, mtu mzima niko lindoni na koti langu, simu inatetemeka mfukoni. Ujumbe wa shemeji. Maneno mawili tu: "Pole, mlinzi."

Sasa huyu mtu nimeoa kwao, mahari nimemaliza, sidaiwi hata mbuzi. Usiku huohuo Arsenal yake imempiga Bayern Munich 3-1. Badala ya kulala na furaha yake, kajinyima usingizi ili anitafute mimi. Na amechagua neno. Angeweza kuniita shemeji, angeweza kuniita baba fulani. Kaona aniite kazi yangu, ambayo pia ni jina la beki, usiku ambao PSV ya Uholanzi wameingia Anfield, kwa Liverpool yangu, wakatoka na 4-1.

Mechi yenyewe niliifuatilia kwa bando la usiku, lile linaloganda kila beki wetu akigeuka. Dakika ya 6 tu nahodha Van Dijk kainua mkono ndani ya boksi mpira ukamkuta huko huko juu. Penalti. Perišić wao, miaka 36, kapiga, kaingiza. Szoboszlai wetu akasawazisha, nikasimama, nikapeana mkono na mwembe. Kipindi cha pili akaja Til wao, bao. Kisha beki wetu Konaté akaukosa mpira ambao hata mimi na gambuti zangu ningeupiga popote tu uondoke, Driouech akamalizia. Halafu Driouech tena, tulipokwishachoka. Mbwa wa nyumba ya pili akabweka. Nikamwambia nyamaza, lakini moyoni nikamheshimu. Yeye angalau mtu akipita anamwona.

Siku nne kabla ya hapo Nottingham Forest, waliokuja wakiwa nafasi ya 19, walitupiga 3-0 palepale Anfield. Kabla yao Manchester City, 3-0. Mechi 12, tumefungwa 9. Na hawa ndio mabingwa wa England, waliochukua taji la 20 Aprili 2025 kwa kumpiga Tottenham 5-1.

Naomba niseme haya kwa utulivu, kama raia mwenye kitambulisho cha NIDA. Dirisha la usajili la kiangazi tulitumia zaidi ya pauni milioni 400. Alexander Isak, mshambuliaji, milioni 125, rekodi ya Uingereza nzima. Florian Wirtz, milioni 100 na nyongeza ya 16. Hugo Ekitike, 69 na nyongeza zake. Nilifurahi? Nilifurahi. Nilitembea mtaani nimetanguliza kifua. Halafu nikauliza, kwa sauti ya chini: na namba tano, beki wa kati, je?

Namba tano alikuja Giovanni Leoni, kijana wa miaka 18 kutoka Parma. Mechi yake ya kwanza, na Southampton, goti likaenda, msimu ukaisha. Mabeki wengine tulionunua, Kerkez na Frimpong, ni wa pembeni, na ukiwahitaji unawakuta kwenye kibendera cha kona. Cha wapinzani. Quansah, beki wa kati tuliyemlea wenyewe, tukamuuza Leverkusen, haohao waliotuuzia Wirtz na Frimpong. Leverkusen wamechukua beki na mamilioni juu yake. Nani kamlipia mwenzake nauli hapo?

Na Marc Guéhi, beki wa kati wa Crystal Palace. Bei ilishakubaliwa, milioni 35, yaani nyongeza za Wirtz mara mbili na chenji kidogo. Septemba 1, siku ya mwisho ya dirisha, Crystal Palace wakasema hatujapata wa kuziba nafasi yake, haendi. Na wana haki! Wao wanajua kwamba beki hatoki mpaka beki mwingine aingie. Halafu hawa Palace wana shida gani na sisi? Mwaka 2014 tunaongoza 3-0 kwao, ubingwa unanukia, wakarudisha zote tatu. Mwaka 2025 Ngao ya Jamii wametunyang'anya kwa matuta, Septemba wametupiga 2-1 dakika za nyongeza, Oktoba wamekuja Anfield kwenye Kombe la Ligi, 3-0. Nikiona basi lenye rangi nyekundu na bluu napanda linalofuata.

Asubuhi nimetoka zamu, sijalala, nikapita kwa kinyozi maana msimamizi hataki mlinzi mwenye kichwa kichafu. Kinyozi wangu ni Manchester United. Zamani alikuwa mpole. Tangu Oktoba 19, walipotufunga 2-1 kwetu na beki wao Maguire akapiga kichwa cha ushindi, amebandika picha ya Maguire juu ya kioo, pale wenzake wanapobandika bei.

"Karibu, bingwa."

"Shusha zote, fundi. Haraka, sijalala."

"Hujalala? Mbona jana mlilala wote wanne?"

Benchi zima likacheka. Nikavaa lile shuka lake, nikafumba macho kiutu uzima. Akaanza upande wa kushoto, akapanda vizuri mpaka utosini, kisha akazima mashine. Fundi huyu hawezi kubishana mashine ikiwaka. Anasema kelele inamchanganya.

"Wewe tatizo lenu unalijua?"

"Nalijua. Endelea kunyoa."

"Hulijui. Ngoja nikuonyeshe."

Akasafisha meza. Chupa ya spiriti akaiweka golini. Kopo la poda, kwa urefu wake, likawa Van Dijk. Mafuta ya mgando yakawa Konaté. Brashi ya shingoni ikawa Kerkez, na ile brashi kila akiisimamisha inabingirika kwenda mbele, benchi wakasema huyo huyo, ndiye mwenyewe. Kitana kikawa Frimpong. Kiungo mkabaji akamtafuta mezani akamkosa, akaweka kiberiti.

"Sasa mbele," akasema, na hapo ndipo nilipofumbua macho. "Mbele tunamweka huyu mpya, wa bei mbaya." Akachukua mashine ya kunyolea, akaichomoa kwenye soketi, akaisimamisha mwisho wa meza. "Isak."

"Fundi, hiyo ndiyo inayoninyoa."

"Tulia kwanza. Adui anakuja hivi." Wembe mpya, ukiwa bado kwenye karatasi yake, ukapita katikati ya poda na mafuta ya mgando taratibu, hauna wasiwasi, ukaigonga spiriti. "Umeona? Nani kamgusa?"

"Nimeona. Nirudishie Isak unimalizie kichwa."

"Isak hakufanya maandalizi ya msimu, bro. Muache apate pumzi."

Na kweli hakufanya. Nitabishana na nini?

Pembeni kuna mzee mmoja ambaye sijawahi kumwona akinyolewa. Anakuja kusoma gazeti la jana. Akakunja gazeti, akakohoa. "Vijana, haya hayakuanza leo. Mwaka 2003 Real Madrid walimleta Beckham, wakamwachia kiungo mkabaji Makélélé aende Chelsea. Wana Zidane, wana Figo, wana Ronaldo, wana Raúl. Wakapoteza mechi 5 za mwisho za ligi, wakamaliza wa 4. Chelsea msimu wa 2004/05 wakafungwa mabao 15 tu ligi nzima, wakawa mabingwa."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unaelewa?"

"Naelewa, mzee. Lakini kwani mimi ndiye niliyemuuza Makélélé?"

Kijana mwingine akaniinulia mkeka wake wa kubeti kwenye simu, ulikuwa na timu tisa, nane zimetiki, ya tisa sisi. Sikumjibu. Hela ni yake, mkeka ni wake, mimi sikumtuma.

Nikaamua kujitetea kwa historia, huku nusu ya kichwa iking'aa na nusu iko msituni. Nikawaambia msimu wa 2013/14 tulifunga mabao 101, Suárez peke yake 31, na bado tukamaliza wa pili, kwa sababu tuliruhusu 50. Nikawaambia Januari 2018 tulipotoa milioni 75 kwa Van Dijk, fundi wewe mwenyewe, kwenye kiti hikihiki, ulicheka mpaka ukamkata mtu sikio. Milioni 75 kwa beki! Mwezi Mei wakati wa fainali ya Ulaya pale Kyiv golini alikuwa Karius, aliyetufungisha, hayo tuyaache, kuna watoto hapa. Akaletwa kipa Alisson. Msimu uliofuata ligi nzima tumefungwa 22, na Juni 1 tumechukua kombe la Ulaya pale Madrid. Mwaka 2020 ligi, baada ya miaka 30. Sasa viongozi walioona yote haya kwa macho yao, wanakwendaje sokoni na milioni 400 wanarudi bila namba tano aliyekomaa?

"Jezi," akasema fundi. "Nani ananunua jezi ya namba tano?"

"Mimi!" Nikaifungua zipu ya koti, nikawageuzia mgongo. Van Dijk, namba 4, ya Kariakoo, herufi D imeshabanduka. Kwa hiyo imeandikwa Van ijk. Wakacheka tena.

Fundi, kwa huruma, akamtoa Isak uwanjani, akamchomeka kwenye soketi. Isak akanguruma sekunde kidogo, akanyamaza. Feni nalo likanyamaza. Redio ikanyamaza. Umeme wa kulipia kabla ulikuwa umekwisha.

"LUKU," akasema fundi, kama anayetangaza msiba wa jirani. "Tuchange."

"Tuchange na nani? Mimi nalipia kichwa!"

"Kichwa nusu umeshapata. Wewe ndiye mwenye haraka, hawa wanaweza kusubiri."

Na benchi lile lote, watu ambao dakika moja nyuma walikuwa wachambuzi, kila mmoja akawa anatazama nje. Mzee kafungua gazeti.

Hapo ustaarabu ukanitoka. Nilisimama na shuka shingoni nikawaambia wote, pamoja na Maguire pale ukutani. Nikawaambia mnacheka mlinzi, mnajua mlinzi nyinyi? Ninapolinda, bosi ameweka taa za rangi kwenye bustani. Kaweka chemchemi, maji yanaruka. Kaweka bango linalowaka jina lake. Geti limefungwa na waya wa kuanikia nguo! Nimeomba kufuli tangu mvua zile za mwanzo, naambiwa bajeti. Usiku wote ambao hakikuibiwa kitu, hakuna aliyewahi kuniambia ahsante mlinzi, jana hakikuibiwa kitu. Siku imeibiwa koki moja ya bomba, koki ya plastiki, nikaandikishwa maelezo, mshahara ukakatwa, na msimamizi akaniuliza ulikuwa wapi. Nilikuwa wapi? Nilikuwa getini nimeshika waya! Halafu Konaté akikosa mpira mmoja mnataka auzwe kesho, na mbele yake viungo wote wameshapanda kushambulia, beki wa kulia kapanda, beki wa kushoto kapanda, kabaki yeye na Van Dijk, mzee wa miaka 34, wanatazamana na Waholanzi watatu wanaokimbia. Mtu mmoja azuie wangapi?

Kimya. Fundi akanishika bega.

"Basi, bro. Usilie."

"Silii. Ni kipa wako huyo amenimwagikia."

Kweli spiriti ilikuwa imepinduka. Mwishoni nilichanga mimi, akachanga yule wa mkeka kwa uchungu wake, mzee akachanga ushauri. Tokeni ikachukua muda wake kufika, ikafika, tarakimu zikakosewa, zikarudiwa. Upande wa kulia umenyolewa mfupi kuliko wa kushoto, maana mashine ilikuwa imepata moto. Nimelipa bei kamili.

Bodaboda wa kunirudisha akaniuliza, "Kaka, ni staili mpya?" Huyo nilishuka kabla hatujafika.

Na mwezi ujao, Desemba 2025, ndiyo kabisa. Mshambuliaji wetu Salah anakwenda Morocco kwenye AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, kwa hiyo hata huko mbele tunakojivunia tutapunguka. Taifa Stars, timu yetu ya Tanzania, nao wako huko, kundi moja na Nigeria, Tunisia na Uganda, na tunafungua na Nigeria Desemba 23. Nigeria wenyewe wametoka kutolewa na DR Kongo kwa matuta kwenye safari ya Kombe la Dunia, wana hasira, wana mshambuliaji Osimhen. Nani atamkaba Osimhen? Nauliza tu. Vijiwe vyote nilivyopita watu wanapanga nani atafunga, namba tisa acheze nani, namba kumi nani, kuhusu Osimhen wanasema Mungu yupo.

Mwenye kibanda umiza, tunapolipia kutazama mpira, ameshabandika tangazo kwamba kipindi cha AFCON kiingilio kinapanda. Sababu anasema ni ubora wa huduma. Huduma gani, benchi ni lilelile lenye msumari, ukikaa vibaya suruali inabaki. Nilimwambia kama unapandisha basi leta viti. Akasema viti vimeagizwa, tangu Kombe la Dunia la Qatar anasema viti vimeagizwa. Alichonunua ni spika. Spika mbili kubwa, amezielekeza usawa wa pale ninapokaa mimi, na feni ni lile moja, linageukia upande mmoja tu, upande wa ndugu zake.