Kupanua maghala ya gesi ardhini: tathmini inaishia pale hatari inapoanza

Januari 2022, katikati ya baridi kali, Iran ilisimamisha gesi inayoiuzia Uturuki, ikisema kuna hitilafu ya kiufundi. Shirika la gesi la Uturuki, BOTAŞ, likawapunguzia wateja wakubwa wa viwandani gesi kwa asilimia 40. Siku chache baadaye maeneo ya viwanda nchi nzima yakakatiwa umeme kwa siku tatu, na viwanda vya magari vikasimama. Uturuki huagiza karibu gesi yake yote kutoka nje: Urusi, Azerbaijan, Iran, na meli zinazoleta gesi ya kimiminika. Baridi inapozidi, kila mteja anataka zaidi kwa wakati mmoja, na huo ndio wakati ambao muuzaji ana nguvu kubwa kuliko mnunuzi.

Kwa anayeitazama Uturuki kwa jicho hilo, ghala la gesi chini ya ardhi ni sawa na ghala la mahindi. Unanunua wakati wa kiangazi bei ikiwa chini, unaweka, unatoa wakati wa shida. Ulaya nayo ilijifunza hivyo kwa maumivu. Ghala la Rehden nchini Ujerumani, moja ya makubwa kabisa magharibi mwa bara hilo na wakati huo likiwa mikononi mwa Gazprom, liliingia majira ya baridi ya 2021 likiwa karibu tupu. Vita vya Ukraine vilipoanza, Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuzitaka nchi wanachama zijaze maghala yao asilimia 80 kabla ya Novemba 2022, na asilimia 90 miaka iliyofuata. Uingereza, iliyokuwa imelifunga ghala lake la Rough chini ya Bahari ya Kaskazini mwaka 2017, ililifungua tena mwaka 2022.

Hoja hii ni nzito, na wapinzani wa maghala mara nyingi huipita haraka mno. Nyumba isiyo na joto Januari ni madhara, na tathmini yoyote ya athari za mazingira inayojiita kamili lazima iyaweke kwenye mizani.

Tuangalie basi mizani yenyewe ilivyotumika mahali pamoja. Kusini mwa Tuz Gölü, yaani Ziwa la Chumvi, katikati ya Uturuki karibu na mji wa Sultanhanı, kuna tabaka nene la mwamba wa chumvi zaidi ya kilomita moja chini ya ardhi. BOTAŞ ilichimba mapango 12 ndani ya chumvi hiyo kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na ghala likazinduliwa Februari 2017. Mwaka uliofuata Benki ya Dunia na Benki ya Miundombinu ya Asia ziliidhinisha mikopo ya dola milioni 600 kila moja ili kuchimba makumi ya mapango mengine na kupandisha uwezo wa ghala kutoka mita za ujazo bilioni 1.2 hadi bilioni 5.4. Mradi ulipangwa katika daraja A, lile la miradi yenye athari kubwa zaidi, hivyo tathmini kamili ya mazingira na jamii ilikuwa lazima.

Kuchimba pango la chumvi hakuhitaji tingatinga. Unatoboa kisima, unashusha maji matamu, chumvi inayeyuka, kisha unapandisha maji ya chumvi juu na kuyamwaga mahali. Kwa kawaida kila mita moja ya ujazo wa pango hula kati ya mita saba na kumi za maji. Pango moja la Sultanhanı lina ukubwa wa zaidi ya mita za ujazo 600,000. Kwa hesabu hiyo pango moja pekee linakunywa maji kati ya mita za ujazo milioni nne na milioni sita. Maji hayo hayakupatikana jirani, kwa sababu eneo ni kame. Yalivutwa kwa bomba refu kutoka bwawa la Hirfanlı kwenye Mto Kızılırmak. Maji ya chumvi yaliyotoka yakapelekwa ziwani.

Ziwa lenyewe ni hifadhi maalumu ya mazingira tangu mwaka 2000, na uhai wake hasa ni heroe, ndege wa rangi ya waridi ambao wengi wetu tunawaita flamingo. Msomaji wa Tanzania na Kenya anajua uzito wa jambo hili. Sehemu kubwa ya heroe wadogo wote duniani huzaliana Ziwa Natron, na mpango wa kiwanda cha magadi ulipoletwa pale katikati ya miaka ya 2000, swali lilikuwa lile lile: je, ukigusa maji ya ziwa la namna hii, ndege watabaki? Wa Tuz ni heroe wakubwa, lakini nao hutegemea kina kidogo cha maji na chumvi ya kiasi fulani.

Kuhusu maji haya ya chumvi, naona upande wa mradi una hoja kuliko wapinzani wake wanavyotaka kukubali. Kinachomwagwa ni chumvi ya aina ile ile iliyomo ziwani, katika ziwa ambalo tayari ni miongoni mwa yenye chumvi kali zaidi duniani na ambalo hukauka sehemu kubwa kila kiangazi. Ingekuwa ni ghuba ya bahari, yenye samaki na mayai ya samaki, ningesema tofauti kabisa. Pale Tuz, kikubwa cha kuangalia ni vumbi la mwamba linalobebwa na maji hayo na mahali hasa yanapoingilia. Tathmini iliweza kupima hayo, na ufuatiliaji unaweza kuyasahihisha.

Shida yangu iko upande wa pili wa bomba, kwenye maji matamu. Julai 2021 maelfu ya heroe, wengi wao vifaranga, walikutwa wamekufa kwenye tope lililopasuka la Tuz. Ukame ulikuwa mkali. Wanamazingira walinyooshea kidole umwagiliaji wa mashamba ya Konya, unaonyonya maji kabla hayajafika ziwani. Serikali ilikana uhusiano huo. Hakuna haja ya kulibebesha ghala la gesi vifo vile ili kuona tatizo. Bonde hilo lina wakulima wanaochimba visima vya maji kila mwaka kwa kina zaidi, lina mabwawa, lina mabadiliko ya mvua, kisha linakuja ghala na hitaji lake. Kila mmoja akipimwa peke yake anaonekana mdogo. Tathmini ya mradi mmoja humuuliza mwenye mradi: wewe utachukua kiasi gani? Haimuulizi mtu yeyote: wote pamoja mmebakiza nini? Hilo ni pengo la sheria za tathmini karibu kila nchi, na za kwetu zimo.

Lakini hata pengo hilo bado linahusu ujenzi. Ninachotaka kusisitiza kiko mbele zaidi, katika miaka baada ya kibali kutiwa saini.

Januari 2001, katika mji wa Hutchinson, Kansas, gesi iliibuka ghafla katikati ya mji, ikalipua majengo, na kesho yake ikalipuka tena kwenye makazi ya nyumba za kuhamishika na kuua watu wawili. Ilitoka kwenye ghala la Yaggy, mapango ya chumvi yaliyokuwa zaidi ya kilomita kumi kutoka pale. Bomba la chuma linalozunguka kisima kimoja lilikuwa limetoboka, gesi ikapenya kwenye tabaka la mwamba, ikasafiri chini kwa chini, na kupata njia ya kutokea kupitia visima vya zamani vya chumvi vilivyokuwa vimesahauliwa mjini. Pango lenyewe halikuwa na kosa. Chumvi, kwa tabia yake ya kujisogeza na kuziba nyufa, ni chombo kizuri sana cha kuhifadhi gesi. Kilichoshindwa ni chuma kinachopita juu yake.

Miaka 14 baadaye ikawa Aliso Canyon, vilimani juu ya kitongoji cha Porter Ranch, Los Angeles. Pale ghala ni kitalu cha mafuta kilichokwisha, kinachomilikiwa na kampuni ya SoCalGas. Kisima nambari SS-25 kilichimbwa mwaka 1953 kwa ajili ya mafuta, kikageuzwa cha gesi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Valvu ya usalama iliyokuwa ndani yake iliondolewa mwaka 1979 na haikurudishwa. Tarehe 23 Oktoba 2015 bomba lake lilipasuka. Uvujaji uliendelea hadi Februari 2016, takriban tani 100,000 za methani, yaani gesi yenyewe iliyohifadhiwa, zikapanda angani, na familia zaidi ya 8,000 zikahamishwa, nyingine zikiwa na watoto wanaotoka damu puani na kuumwa vichwa. Methani huhifadhi joto zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dioksaidi katika miaka 20 ya mwanzo. Uchunguzi huru uliotolewa mwaka 2019 ulikuta kwamba maji ya ardhini na vijidudu vilikuwa vimelila bomba kutoka nje, na kwamba kitalu hicho kilikwisha kuwa na visa zaidi ya 60 vya mabomba kuvuja bila kampuni kuchunguza chanzo kwa kina.

Wakati huo hapakuwa na kanuni za shirikisho nchini Marekani zinazohusu usalama wa visima vya maghala ya gesi. Bomba la juu ya ardhi lilikuwa na kanuni. Kisima kilichoshuka kilomita mbili na zaidi hakikuwa nazo. Zilikuja Desemba 2016, baada ya Porter Ranch kuhama.

Sasa sikiliza upande wa pili, maana historia ya Aliso haikuishia hapo. Mdhibiti wa California alipunguza sana kiasi kinachoruhusiwa kuwekwa ghalani. Majira ya baridi ya 2022 kuelekea 2023 bei ya gesi kusini mwa jimbo hilo ikapaa, na bili za nyumbani zikawaumiza watu wa kipato cha chini. Agosti 2023 mdhibiti akapandisha kikomo kutoka mita za ujazo bilioni 1.17 hivi hadi bilioni 1.94. Wakazi walilia. Lakini waliolipa bili nao walikuwa na haki. Na Desemba 2024 uamuzi mwingine ukaweka njia ya kulifunga ghala hilo pale mahitaji ya gesi yatakapokuwa yameshuka vya kutosha.

Tazama lakini namna upanuzi ule wa 2023 ulivyofanyika. Hakukuwa na shimo jipya. Namba moja kwenye karatasi ya mdhibiti ilibadilika, na gesi nyingi zaidi ikaruhusiwa ndani ya mwamba ule ule. Macho yetu yamezoea kutafuta athari kwa kufuata mitambo ya ujenzi. Hapa mitambo haipo.

Mahakama nazo zinaamua jinsi macho hayo yatakavyofika mbali. Mei 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la reli ya kubebea mafuta huko Utah, iliamua kwamba tathmini ya mradi haina ulazima wa kupima athari za miradi mingine iliyo kabla au baada yake, na kwamba majaji wawape wataalamu wa serikali nafasi kubwa. Kuna busara ndani yake: tathmini zilikuwa zimenenepa hadi maelfu ya kurasa, na anayezitumia kuchelewesha hakuhitaji kuwa na hoja. Ila kwa ghala la gesi uamuzi huo unaacha nje gesi itakapochomwa na visima itakakotoka. Wenye maghala husema ghala halichomi gesi, ni kweli. Husema pia mapango ya chumvi yanaweza kuja kuhifadhi haidrojeni, na Teesside nchini Uingereza imefanya hivyo tangu 1972. Ninalikubali hilo kama uwezekano. Siwezi kulikubali kama sababu ya kutoa kibali cha gesi leo.

Huko Islandmagee, Ireland ya Kaskazini, mapango saba yalipangwa chini ya ghuba ya Larne Lough. Juni 2024 Mahakama ya Rufaa iliifuta leseni, na misingi haikuwa maji ya chumvi baharini wala pomboo. Ilikuwa kwamba waziri alipaswa kulipeleka suala mbele ya baraza la mawaziri, na kwamba alizingatia mfuko wa fedha za jamii ambao hakutakiwa kuuzingatia. Msingi huo wa pili naupenda. Fedha za kijiji zikiingia kwenye mizani ya mazingira, kijiji maskini ndicho kitakachokubali kila kitu.

Kwa hiyo siungi mkono kuzuia kila upanuzi. Tuz, kwa chumvi yake nene na umbali wake na miji, ningeuruhusu, maji ya Kızılırmak yakishapimwa pamoja na ya wakulima. Aliso, juu ya paa za watu na kwa visima vya enzi za mafuta, nisingeongeza hata mita moja. Ila kwa vyote viwili ningetaka kibali kiwe na tarehe ya mwisho, kikihuishwa tu baada ya kila kisima kushushiwa vipimo vya unene wa chuma na matokeo kutangazwa kwa majirani. Kenya tangu 2003 kanuni zinamtaka mwenye mradi afanye ukaguzi wa mazingira kila mwaka, wazo zuri, lakini ukaguzi wa kutembea uwanjani na daftari hauoni chuma kilichoko mita 270 chini, pale SS-25 ilipopasuka.

Kisima kile kilikuwa na umri wa miaka 62. Visima vya Sultanhanı vilivyoanza kazi 2017 vitaufikia umri huo mwaka 2079, na waliosaini tathmini watakuwa wamestaafu zamani. Nataka kibali cha leo kitaje nani atashusha kipimo mwaka huo, na kwa fedha iliyowekwa wapi.