Ndege za rimoti: tuongee kilo kwanza, turbini baadaye

Mi nikiona mtu kajenga ndege kubwa ya abiria ya rimoti swali langu la kwanza sio kafunga injini gani, ni ina kilo ngapi, na akiniambia hajapima bado basi najua itaruka vipi, itapita mbio mbio utadhani inakimbizwa.

Chukua A380, lile dude la abiria la Airbus lenye injini nne. Ya kweli mabawa yake ni karibu mita 80 ncha hadi ncha, ipunguze mara 15 unabaki na mita 5 na ushee, ndefu kuliko magari mengi. Ila uzito haupungui mara 15, unapungua 15 mara 15 mara 15, kwa hiyo zile tani 575 za kupaa zinakuwa kilo 170 hivi. Sasa kwa uzito huo spidi inashuka kama mara nne tu, maana inafuata kipeuo cha pili cha 15, ndege inayotua na kilomita 250 kwa saa modeli yake inakuja na 65, wakati jicho linataka kuiona inaelea na 17, yaani 250 gawanya kwa 15! Hapo hakuna rangi wala taa zitakazokuokoa. Dawa ni kupunguza kilo tu, zile 170 zikiwa 43 spidi ya kutua inakatika nusu na ndo unaanza kuona kitu kinachofanana na ndege.

Kinachoniudhi ni plaiwudi. Mtu anaweka plaiwudi kila kona eti isije ikavunjika, uzito unapanda, inatua kwa kasi, miguu inang'oka, anarudi kuongeza plaiwudi nyingine 😂 Weka pale penye mzigo tu, kwenye miguu na mizizi ya mabawa (pale bawa linapoungana na mwili), kwingine foamu au balsa, ule mti mwepesi, na faiba nyembamba juu, na bomba la kaboni ndani ya bawa. Inatosha kabisa.

Turbini, yaani vijiinjini vya jeti vya kweli, sikatai, ule mlio ni mtamu na mizunguko inapita 100,000 kwa dakika, lakini nne, kila moja na pampu yake na betri yake, alafu matanki ya mafuta ya taa, za nini jamani? Weka mbili za ndani zifanye kazi, zile za nje ziwe maganda. Mtanitukana ila huko juu nani anaziona, na ya nje ikizima wakati wa kupaa pua inavutwa upande huo vibaya sana. Feni za umeme nazo sawa, tatizo betri haipungui uzito angani kama tanki.

Na wanaolalamika kwamba Uingereza modeli ikizidi kilo 25 lazima upate kibali maalum cha mamlaka ya anga, mi niko upande wa mamlaka. Kilo 43 zikija na spidi kuelekea watu sio mwanasesere, acha waikague.