"Apewe kazi nyepesi": sentensi inayomponza mgonjwa kazini

Mfanyakazi mwenye kisukari, pumu, selimundu, kifafa au baridi yabisi hupewa ushauri wa aina mbili. Wa kwanza: nyamaza, meza dawa zako, piga kazi. Wa pili: muone daktari wa afya kazini kabla mambo hayajaharibika. Wengi hufuata ule wa kwanza, na si kwa ujinga.

Daktari wa afya kazini hulipwa na mwajiri. Aliyeshuhudia mwenzake akirukwa kwenye kupandishwa cheo muda mfupi baada ya ugonjwa wake kujulikana hawezi kulaumiwa akifunga mdomo. Kwa mwenye mkataba wa miezi 6 hofu ni kubwa zaidi: hakuna haja ya kumfukuza, inatosha mkataba usihuishwe, na hakuna atakayeulizwa kwa nini. Hofu hii ni ya kweli, na anayemwambia mgonjwa "sema tu" bila kuigusa hamtendei haki.

Hata hivyo hoja ya kunyamaza imesimama juu ya dhana isiyo sahihi, kwamba kumuona daktari huyu ni sawa na kumtangazia mwajiri ugonjwa. Kazi yake si kutibu wala kupeleka habari. Ni kupima jinsi kazi na mwili wa mfanyakazi vinavyokutana. Mkataba Na. 161 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1985, unataka wahudumu hawa wawe huru kitaaluma. Unataka ufuatiliaji wa afya usimgharimu mfanyakazi wala kumpunguzia kipato, na ufanyike saa za kazi inapowezekana. Tena unazuia mwajiri kuwalazimisha kuthibitisha sababu za mtu kutofika kazini. Pendekezo Na. 171 la mwaka huohuo linaongeza kwamba, baada ya uchunguzi wa kupima kama mtu anaifaa kazi yenye hatari fulani, hitimisho linaloandikwa lisiwe na taarifa za kitabibu. Liseme anaifaa kazi hiyo, au kazi na mazingira gani hayamfai, kwa muda au moja kwa moja. Mkataba hauifungi nchi ambayo haijauridhia, lakini hicho ndicho kipimo ambacho mfanyakazi popote alipo anaweza kukidai.

Kwa hiyo kinachopaswa kumfikia bosi ni ukurasa unaohusu kazi. Shida ni kwamba mara nyingi ukurasa huo una sentensi moja: "Apewe kazi nyepesi."

Nyepesi kwa kipimo gani? Msimamizi akisoma neno hilo huwaza uzito wa mzigo, basi. Atamtoa mwenye baridi yabisi kwenye kubeba maboksi na kumkalisha kwenye kompyuta kwa saa 8, ambako vidole ndivyo vinavyoumia. Atamtoa mwenye selimundu kwenye upakiaji na kumpeleka kuhesabu bidhaa kwenye chumba cha baridi, na baridi ni miongoni mwa vinavyoamsha maumivu yake. Mwenye pumu atapewa usafi wa ofisi, katikati ya dawa za klorini. Mwenye kisukari anayetumia insulini atawekwa lindo la usiku, kazi ya kukaa tu, lakini inayovuruga saa za mlo na za sindano. Kila mmoja amepewa kazi nyepesi na kila mmoja atarudi hospitali. Kibaya zaidi, kwenye faili lake itaandikwa kwamba alisaidiwa akashindwa. Sentensi hiyo ya pili huzaliwa na ile ya kwanza, na ndiyo hutolewa mezani siku ya kujadili kama aendelee na ajira. Mwajiri anaweza hata kuiandika kwa nia njema kabisa, kwa sababu yeye alifanya alichoambiwa.

Barua inayofaa hutaja tendo, muda na kiasi. Kwa baridi yabisi yenye ukakamavu wa asubuhi: aanze kazi saa 1 baadaye na kutoka saa 1 baadaye, abadilishe mkao kila dakika 30. Kwa anayetumia insulini: mapumziko ya dakika 10 ya kupima sukari, chakula saa ileile kila zamu, ruhusa ya kukaa na kitu cha sukari alipo. Sukari ya damu ikishuka chini ya 4 (milimoli kwa lita, mmol/L) anahitaji gramu 15 za sukari ya haraka na kupima tena baada ya dakika 15, na hilo haliwezi kungoja foleni ya ruhusa. Hakuna sehemu ya maagizo hayo inayolazimu kuandika jina la ugonjwa.

Daktari haandiki hivyo kwa kubahatisha. Mpelekee maelezo ya kazi kama inavyofanyika kweli, si yale ya kwenye mkataba: kilo unazoinua, saa za kusimama, joto, kemikali, mzunguko wa zamu. Ongeza kumbukumbu ya wiki 2 hadi 4 ya lini dalili huzidi. Kwa pumu inayodhaniwa kutokana na kazi, kipimo cha nguvu ya pumzi kichukuliwe angalau mara 4 kwa siku kwa takriban wiki 4, siku za mapumziko zikiwemo, maana tofauti kati ya siku za kazi na za nyumbani ndiyo ushahidi wenyewe. Na omba kuisoma barua kabla haijatumwa.

Mwajiri naye ana kosa lake, na ni la swali. Akiuliza "Je, anafaa kazi?" atapata ndiyo au hapana. Akiuliza ni majukumu gani yabadilishwe, kwa muda gani, na dalili gani zitaonyesha kwamba mabadiliko hayatoshi, atapata kitu cha kupangia ratiba.

Upande wake una uzito pia. Penye watu 6, mmoja akiondolewa zamu ya usiku, usiku huo unabebwa na wengine 5, na manung'uniko yao si chuki. Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unadai marekebisho yasiyomtwika mwajiri mzigo uliopita kiasi. Na kwa dereva au mwendesha kreni mwenye kifafa, kunyamaza hakuna utetezi: hapo maisha ya wengine yamo, na daktari anaweza kulazimika kusema zaidi ya ambavyo mgonjwa angependa.

Pasipo na huduma hii kabisa, daktari anayekutibu anaweza kuandika barua ya namna hiyohiyo, mradi umempelekea maelezo yaleyale ya kazi. Iwe na tarehe ya kupitiwa upya, tuseme baada ya wiki 6 au 12, kwa sababu ugonjwa sugu hupanda na kushuka na dawa hubadilishwa. Nakala moja ibaki kwako na nyingine kwa ofisa utumishi, ili msimamizi mpya akija aikute kwenye faili, usilazimike kumweleza upya mwili wako.