Pilau Namba 1689

Mke wangu amenikataza kuongelea kazi mezani, na hajakosea. Mimi ni injinia. Kazi yangu ni kuhakikisha mizigo hatari inasafiri barabarani bila kumuua mtu, na kazi ya namna hiyo ikishakuingia kichwani haikubali kuachwa ofisini. Sokoni mwenzangu anaona gunia la mkaa, mimi naona 1361. Anaona mbata za kukamulia mafuta ya nywele, mimi naona 1363, maana nazi kavu ikirundikwa vibaya hujipasha moto yenyewe ndani kwa ndani, na inaweza hata kuwaka. Pafyumu yake ni 1266. Ni namba za Umoja wa Mataifa za mizigo hatari hizo, na mimi nimezihifadhi kama mtoto wa madrasa alivyohifadhi Juzuu Amma.

Kisa hiki ni cha 1689.

Wiki hiyo nilikuwa Morogoro nafundisha madereva. Morogoro ndiyo njia panda: ya Zambia na Kongo inapita hapo, na ya Dodoma kwenda Kanda ya Ziwa nayo inaanzia hapo. Salfa ya migodi ya shaba inapita, petroli inapita, saianidi ya kuchenjulia dhahabu ya Geita inapita. Halafu kuna Msamvu. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la petroli lilianguka pale, watu wakaenda kuchota, likalipuka moto. Walikufa zaidi ya watu 100. Darasani nikilitaja hilo hakuna anayecheka, na hapa pia sitalitania. Nimelitaja mjue kwa nini nikifundisha nakuwa mkali kama pilipili kichaa.

Somo la Jumatano lilikuwa vibao. Kibao chenyewe ni cha rangi ya chungwa, sentimita 40 kwa 30, kimekatwa kati kwa mstari. Juu kuna namba ya hatari, chini namba ya mzigo. Tatu ni kimiminika kinachowaka, sita ni sumu, nane ni kinachobabua. Tarakimu ikirudiwa ujue hatari imezidi: petroli ni 33, saianidi ni 66. Ukiona X imetangulia, usithubutu kumwagia maji. Basi, ni hayo tu, wala si hesabu za sekondari.

Lori la mazoezi lilikuwa halijarudi kutoka kushusha mzigo, kwa hiyo nikatumia pikapu yangu. Nikabandika vibao vya sumaku, 66 juu na 1689 chini, mbele na nyuma. Ubavuni kulia, ubavuni kushoto na nyuma nikaweka ile alama nyeupe iliyosimama kwa ncha, yenye fuvu na mifupa miwili. Nikaandika hata hati ya mzigo ya kufanyia mazoezi: sodiamu saianidi, kilo 1,000. Nikatia sahihi na mhuri, kwa sababu mimi sipendi mambo ya nusunusu.

Kisha nikamsimamisha dereva mmoja, mtu mzima, mvi tele.

"Sitini na sita maana yake nini?"

Akalitazama gari. Akanitazama mimi. "Mwaka aliozaliwa mwenye gari."

"Na hiyo kumi na sita themanini na tisa?"

"Hapo nadhani ni babu yake."

Darasa zima likaangua kicheko. Ningecheka na mimi yangeisha. Lakini mimi nikamwambia, mtu wa umri wa baba yangu, mbele ya vijana waliotosha kuwa wanawe, kwamba dereva asiyejua anachobeba hana tofauti na turubai lililofunika mzigo, na kwamba mtihani atarudia mwezi ujao. Akafunga daftari lake taratibu. "Sawa, Injinia."

Sikuishia hapo. Nikawapa na kauli yangu ninayoipenda kuliko zote: "Mtu akikwambia gari halina kitu, usimwamini yeye. Amini kibao. Kibao kikiwepo, mzigo upo, mpaka uone cheti kwamba gari limesafishwa." Wakanakili wote. Yule mzee alifungua tena daftari, akanakili na yeye.

Jumamosi kulikuwa na sendofu ya shemeji yangu huko Kilosa, mdogo wake mke wangu. Asubuhi nikaanza kubandua vibao. Nimetoa cha mbele, nimetoa na fuvu la upande wa dereva, simu ikaita. Mke wangu, ambaye alikuwa Kilosa tangu Alhamisi, aliuliza niko wapi, nisisahau barafu, nisisahau soda, na mbona sauti yangu inasikika kama ya mtu ambaye bado yuko Morogoro. Nikamwambia nakaribia Dumila. Ukishamwambia mke wako unakaribia Dumila hakuna tena la kubandua, ni kuwasha gari.

Kwa hiyo vilivyotoka ni vile ninavyoviona mimi nikiwa nyuma ya usukani. Wengine wote walibaki na vya kwao.

Safari ilikuwa tamu ajabu. Anayeijua barabara ya Dodoma anayajua mabasi yake. Siku hiyo moja lilinijia nyuma kwa honi na mataa, likafika karibu kabisa, halafu likapoa lenyewe, likabaki mbali huko kwenye kioo kama msafara unaomsindikiza bibi harusi. Bodaboda mmoja alinipitia kushoto, akageuza shingo, akaingia na abiria wake kwenye vumbi. Dakawa trafiki alinyoosha mkono. Nikampita kidogo nitafute pa kuegesha, nikamwona kwenye kioo akinipungia kwa mikono yote miwili: nenda, nenda! Dumila, ambako ukisimama tu madirisha yanajaa nyanya na mahindi ya kuchoma, kijana wa upande wa kushoto alifika karibu na mlango, akarudi kinyumenyume na beseni lake kichwani, wala hakutaja bei.

Nikasema moyoni: kumbe mtu mwenye wadhifa anajulikana hata akivaa fulana. Nikakata kushoto, nikapita Rudewa, nikaingia Kilosa napiga mluzi.

Nikaegesha chini ya mwembe, tako la gari kwenye ua wa mabua, ubavu wa kushoto kwenye ukuta. Mpaka hapo hakuna aliyeona kitu. Sijakaa sawa, baba mkwe akaja: gari la kubebea chakula limekatika springi, pilau iko kwa jirani wa nyumba ya tatu, wageni wameshaanza kutazama saa. "Mkwe, si una pikapu?"

Mkwe hakatai. Nikaenda. Kijana mmoja akashusha mlango wa nyuma kabla sijatoka kwenye gari, kibao na fuvu vikatazama ardhi. Baadaye alipoulizwa alisema aliviona, akadhani ni stika za timu. Wakapakia masufuria manne, yale ambayo moja hubebwa na watu wanne, na ndoo mbili za kachumbari. Wakafunga mlango ili pilau isimwagike.

Matarumbeta yakatupokea barabarani. Nikaingia kwenye uwanja wa sherehe kinyumenyume, taratibu, kwa madaha, tako la gari likielekea turubai lenye wageni mia tatu. Vigelegele vikapanda. Halafu vikashuka, kwa kupokezana, kuanzia meza za mbele kwenda za nyuma. Tarumbeta la mwisho likatoa sauti ya mbuzi, likanyamaza.

Kwenye meza ya wazee akainuka mtu wa kanzu na kofia ya kufuma. Sikumtambua, nilikuwa nimezoea kumwona na ovaroli.

"Sitini na sita," akasoma, kwa sauti ya mtu aliyekesha na daftari. "Sumu kali. Kumi na sita themanini na tisa. Sodiamu saianidi."

Mke wangu akasogea pembeni yangu. "Yule ndiye mjomba, kaka yake mama. Harusi yetu si alikosa, alikuwa amekwama kwenye foleni Tunduma? Nenda ukamwamkie."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Injinia. Simama hapo hapo ulipo."

MC, badala ya kushika kipaza sauti chake, akampa. Mjomba akatazama vitambaa vya mapambo vinapepea kuelekea wapi. "Upepo unatoka upande wa reli. Wote upande wa reli, mita hamsini! Asikimbie mtu, asirudi mtu kufuata pochi!" Ilikuwa ni maneno yangu, kwa mpangilio wangu. Watu wakaondoka na viti vyao vichwani. Shemeji yangu akakusanya shela, akatembea na mapambo yake yote. Wapiga tarumbeta walikuwa wa kwanza kufika.

Nikapaza sauti: jamani, ni vibao tu, gari halina kitu.

Ndipo nilipojisikia nilichosema.

"Jumatano ulitufundisha nini?" mjomba akauliza kwa kipaza sauti. "Mtu akikwambia gari halina kitu?"

"Usimwamini yeye."

"Cheti cha kusafishwa kiko wapi?"

Cheti kitoke wapi na gari halijawahi kubeba hata chumvi? Akauliza hati ya mzigo. Kijana mwepesi, sijui alitokea wapi, akachomoa faili kwenye kiti changu akampelekea. Mjomba akavaa miwani. "Sodiamu saianidi, kilo elfu moja. Mhuri upo. Sahihi..." Akainua macho. "Sahihi ni ya mkwe."

"Hiyo ni hati ya mazoezi, mjomba!"

"Pameandikwa wapi kwamba ni ya mazoezi?"

Hapakuandikwa. Mimi sipendi mambo ya nusunusu.

"Sumu inapanda gari moja na chakula?"

"Haipandi."

"Na ndoo zile zina nini?"

"Kachumbari."

"Ina ndimu?"

Kutoka upande wa reli mama mkwe akajibu kwa fahari ya mpishi: "Ndimu ishirini!"

Mjomba akafumba macho. "Injinia, saianidi ikikutana na asidi inatoa nini?"

Hapa ndipo ualimu uliponiponza. Mwalimu akiulizwa swali zuri hujibu kwanza, hufikiri baadaye. "Inatoa gesi ya haidrojeni saianidi."

"Inaua?"

"Ndani ya dakika chache."

Mia tatu wale wakarudi nyuma kwa mkupuo mmoja, mpaka karibu na tuta la reli. Mke wangu alinitazama jicho ambalo halina namba ya Umoja wa Mataifa, lakini lingestahili X mbele.

Aliyekata shauri ni baba mkwe. Alisema chakula ni cha pesa nyingi, jua linakuchwa, na aliyekileta ndiye aonje. Nikawekewa kiti peke yangu katikati ya uwanja, sinia mapajani, pilau ya moto na kachumbari ya ndimu juu yake. MC akapewa kipaza sauti chake ahesabu dakika, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nimetaja dakika.

Dakika ya kwanza ilipita vizuri. Pilau ilikuwa imeiva hasa, hilo niseme. Ya pili vizuri. Ya tatu nikatafuna pilipili manga nzima pamoja na kipande cha pilipili mbuzi kutoka kwenye kachumbari, ikanipalia. Nikakohoa, macho yakatoka machozi, pumzi ikakata.

"Dalili!" mjomba akapiga kelele. "Kupumua kwa shida! Ukurasa wa nne!"

Shangazi mmoja akaanza kulia kwa mtindo wa msibani, wa kutaja sifa za marehemu. Nilisikia kwamba nilikuwa mpole na sikuwa na makuu. Watu hawakusogea, nilikuwa nimewafundisha mwenyewe kwamba mwokoaji asiye na vifaa anakuwa majeruhi wa pili. Aliyekuja ni mmoja tu, mke wangu, viatu mkononi, chupa ya maji nyingine. Akanipiga mgongoni kofi ambalo halikuwa la kutoa pilipili peke yake, akaninong'oneza sikioni: "Kufa uone."

Sikufa. Dakika ya kumi na tano mjomba alikuja mwenyewe, akalizunguka gari lote, akachungulia hadi chini ya chesisi, akabandua vibao kimoja kimoja na kuvifuta kwa ncha ya kanzu. Akachukua kipaza sauti. "Eneo ni salama." Alishangiliwa kuliko bwana harusi. Pilau ililiwa mpaka ukoko. Kachumbari, ndoo mbili nzima, haikuguswa na mtu, na mama mkwe hajanisamehe zile ndimu.

Mwezi uliofuata mjomba alikuja kurudia mtihani. Nilikuwa nimeshamsainia cheti kabla hajakaa. Akakirudisha mezani kwa kidole kimoja. "Niulize kwanza." Nikamuuliza maswali yote, akayajibu yote, halafu akaniomba na mimi nimwoneshe nyuma ya pikapu yangu.

Kilosa tunaenda bado, sikukuu zote. Chakula kikiiva mama mkwe hunipakulia mimi kwanza, kabla ya baba mkwe, kabla ya wazee, na watu wote hutulia wakinitazama nikila tonge mbili tatu. Wageni wasiojua hunisogelea baadaye kuniambia kwamba kwa kweli, Injinia, ukweni kwako unaheshimiwa.