Si Upo Tu Nyumbani?

Hii "si upo tu nyumbani" ndiyo itakayonitoa roho. Mimi ni mwandishi. Ofisi yangu ni meza ya kulia chakula, hapa Mbagala. Saa mbili asubuhi nimefungua kompyuta, mhusika wangu ndiyo kwanza anapiga hodi kwa mama mkwe wake, na mlangoni kwangu nako hodi: "Dada, fundi bomba akija mfungulie, si upo tu?" Nikirudi, mama mkwe wa watu bado kashika kitasa. Simu: shemeji anataka nimpokelee gunia la mkaa. Luku, mita ya umeme, inalia, naingiza tarakimu 20, nakosea, naanza upya. Maharage yanaungua (hayo kosa langu, nakiri). Na mhariri anataka sura tatu kabla ya Ijumaa.

Mume wangu akikaa meza hiyohiyo, na kompyuta hiyohiyo, nyumba nzima inanong'ona: "Baba anafanya kazi." Mimi nikiukodolea macho ukuta nikitafuta sentensi, naambiwa, "Kwa kuwa hufanyi kitu, hebu kaanue nguo."

Mama mkwe yule mpaka sasa hajafungua mlango.