Maji yakifika nyuzi 20, nakunja mshipi

Rafiki yangu ananiita mchoyo wa mto usio wangu. Jina hilo alinibandika siku moja ya jua kali, kwenye saa tano unusu asubuhi, nilipochomoa kipimajoto majini, nikakisoma mara mbili, kisha nikaanza kukunja mshipi. Yeye ndio kwanza alikuwa amewaona trauti, samaki wa mito ya baridi, wakiibuka kwenye kivuli cha mti ulioinamia ukingo wa pili.

"Nyuzi ngapi?" aliuliza bila kugeuka.

"Ishirini na nusu."

"Ah, hayo ni maji baridi, bwana! Si umesimama ndani yake?"

Nilikuwa nimesimama ndani yake kweli, na suruali fupi, maji yananifika magotini, na yalikuwa raha tupu. Ndiyo maana sikubali mguu wangu uwe shahidi. Jua likimchoma mtu utosini, maji ya nyuzi 20 humshusha pumzi. Trauti hana utosi unaochomwa. Mwili wake una joto lile lile la maji anamoishi, na kadiri yanavyopanda ndivyo unavyodai oksijeni zaidi, huku maji yenyewe yakizidi kuishiwa nayo. Maji ya nyuzi 10 yaliyoshiba hewa hubeba takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 20 hubeba 9 hivi, na kwenye 25 ni 8 na kidogo. Samaki anahitaji zaidi mahali ambapo ghala linapungua. Halafu anatokea mtu na fimbo ya kuvulia, anamnasa, anamkimbiza dakika tano nzima, kisha anamwachia na kusema, nenda salama.

Najua ninachokitukana, maana nakipenda. Kuvua kwa nzi wa bandia ni uvuvi wa ajabu: kidude cha manyoya na uzi kilichofungwa kwenye ndoana hakina uzito wa kurushwa popote, kwa hiyo kinachorushwa hasa ni mshipi wenyewe, na kidude kinafuata nyuma kama mtoto aliyeshikwa mkono. Na joto ndilo linaloleta utamu wake. Nyasi za ukingoni zikikauka na upepo wa mchana ukianza, panzi huangukia majini, na trauti aliyelala asubuhi nzima hupanda kumchukua kwa kishindo. Panzi wa bandia akitua vizuri, pwaa, unaona kichwa kinatoka majini. Saa zinazonoga kwa panzi ndizo saa zinazomuumiza samaki. Rafiki yangu analijua hilo, nami nalijua, na kila mwaka tunagombana upya.

Hoja yake ni moja: "Si tunawarudisha?"

Kurudisha samaki si dawa ya kila kitu. Mwaka 1992 watafiti wawili wa Kanada, Ferguson na Tufts, walichapisha matokeo ya jaribio la trauti wa upinde wa mvua. Samaki walikimbizwa mpaka wakachoka kabisa, kisha wengine wakawekwa nje ya maji kwa muda mfupi. Waliochoshwa tu bila kutolewa nje, walikufa 12 kati ya kila 100. Waliokaa hewani sekunde 30, 38. Waliokaa dakika nzima, 72. Hayo ni mambo ya maabara, na mtoni hesabu hubadilika, sitaki kumtisha mtu kwa tarakimu. Lakini dakika moja ni muda wa picha. Kwanza umtafute mwenye simu, kisha ufute kioo, kisha useme hiyo haikutoka vizuri, piga nyingine.

Nimepiga picha za namna hiyo, nyingi. Moja bado ninayo: mimi nimekenua meno, samaki mikononi, jua la alasiri nyuma yangu. Nilimrudisha, akaondoka mwenyewe, nikanawa mikono nikiwa na furaha zangu. Rafiki yangu alikuwa ametangulia kuteremka na mto. Hakusema kitu mpaka tulipokuwa njiani kurudi, giza limeshaingia. "Yule wako," alisema, "nimemkuta kwenye kona. Amelala ubavu." Hakuongeza neno, wala mimi sikuuliza. Wiki iliyofuata nilinunua kipimajoto. Kwa hiyo ukisikia ananiita mchoyo, ujue uchoyo wenyewe alinifundisha yeye.

Siku hizi tunaingia majini kabla jua halijachomoza. Mto huwa baridi zaidi alfajiri na muda mfupi baada yake. Jioni huwadanganya wengi: hewa imepoa, kivuli kimetanda, mtu anadhani mambo yametulia, kumbe maji bado yameshika joto la mchana kutwa. Kule Montana, Marekani, mamlaka za uvuvi huweza kufunga mto kuanzia saa nane mchana hadi saa sita usiku pale maji yanapogusa nyuzi 23 hivi kwa siku tatu mfululizo. Utaratibu huo wanauita kwa jina la bundi, lililorithiwa kutoka kwa wakata miti waliokuwa wakiamka usiku wa manane wamalize kazi kabla msitu haujakauka na kuwa hatari ya moto. Ni sheria nzuri, ila mimi siitegemei saa ya ukutani. Kuna siku saa nne asubuhi maji yameshaharibika, na kuna mito ya chemchemi ambayo mchana kutwa haifiki nyuzi 15. Kipimajoto hakibishani na mtu. Kizamishe kwenye kivuli, maji yanapokwenda, si kwenye kidimbwi cha pembeni kilichopashwa na jua, na usubiri dakika mbili.

Tukiwa ndani, tunavua kwa fimbo moja, na hili ndilo jambo ninalompendekezea yeyote mwenye rafiki mvumilivu. Mmoja anarusha, mwingine anasimama chini yake kidogo na wavu. Samaki akinasa, hapewi nafasi ya kukimbizana: uzi wa mwisho ni mnene kuliko ule wa siku za baridi, wavu uko karibu, na kile kijino cha ndoana kimekwisha kubanwa kwa koleo, kwa hiyo ndoana inatoka kwa msokoto mmoja samaki akiwa bado majini, kichwa kikielekea mkondo unakotoka ili maji yapite kwenye matamvua. Mikono imeloweshwa. Picha hakuna. Kisha tunabadilishana. Aliyeshika wavu huona mengi kuliko aliyeshika fimbo, na pia ana nafasi ya kutoa maoni kuhusu urushaji wa mwenzake, kazi ambayo rafiki yangu huifanya kwa moyo wote.

Kuna jambo moja ambalo hatujawahi kuligombania. Mahali ambapo kijito baridi kinaingia mtoni, siku za joto trauti hujazana hapo, mgongo kwa mgongo, unaweza kuwahesabu. Wamekuja kupumua. Kuwarushia ndoana pale ni sawa na kumvizia mgonjwa kwenye mlango wa zahanati, na nimewaona watu wazima, wenye vifaa kuliko mimi, wakifanya hivyo na kujisifu wingi.

Tuirudie ile siku ya nyuzi 20 na nusu. Nilikuwa nimeshakaa juu ya jiwe, viatu nimevua, nangoja anune kidogo kisha aje tuondoke. Hakuja. Alinyoosha mkono akaomba koleo. Nikadhani anataka kufungua fundo. Akaishika ndoana ya panzi wake, akaikata pale inapopinda, chembe ikaruka majini, kikabaki kijiti kitupu chenye manyoya.

"Kipimajoto chako kina neno hapo?"

Sikuwa na jibu. Akarusha chini ya ule mti. Panzi alitua, akaelea kidogo, kichwa kikatoka, kikamchukua, kikamtema. Rafiki yangu alicheka kwa sauti mpaka ndege wakaruka. Akarusha tena. Mara ya tatu nilisimama pekupeku, nikaenda kuomba zamu yangu.